Unga Ulioshiba Hewa

Jumatatu, 3 Machi

Leo nimevaa kofia ya plastiki, soksi za plastiki juu ya viatu, na maski hadi chini ya macho. Nikajitazama kwenye kioo cha mlangoni: nimefanana na mkate uliofungwa. Mwanafunzi! Mimi! Miaka yote hii nimekaa dirishani hospitali nikigawa dawa zilizotengenezwa na watu nisiowajua, na sasa nimerudi darasani kujifunza kuzitengeneza.

Chuo ni kizuri kwa mbele, mabati kwa nyuma. Sisi tuko nyuma. Lakini ndani ya mabati hayo — lo! Sakafu inang'aa. Kuta hazina pembe, zimeviringwa ili vumbi lisipate pa kujificha. Na nyuma ya kioo, mashine ya vidonge. Si mpya. Imetoka chuo cha nchi jirani. Wao walifundishwa zamani na hao hao wanaotufundisha sisi, wakapata mashine kubwa zaidi, hii wakatuachia. Habari hiyo nimeipenda.

Mwalimu wetu ametoka chuo kikuu cha ng'ambo. Mama mtu mzima, mrefu, mkimya, amefanya kazi viwandani hadi akastaafu. Kiswahili anacho, cha polepole, neno moja moja kama mtu anayevuka mto kwa mawe. Shingoni amening'iniza kipimo kidogo cha unyevu wa hewa. Anakitazama kila mara kama wenzake wanavyotazama simu. Kabla hata ya chai darasa zima lilikuwa limeshambatiza: Mama Unyevu.

Jioni wifi kanipigia. Ni muuguzi wa wodi ya watoto, hospitali ile ile yetu, na ulimi wake hauna likizo. Ati, nimeenda kusomea upishi? Nikamwambia ndiyo, na wewe nitakulisha. Akacheka sana. Kisha akasema zinki imebaki kidogo tena.

Jumatano, 5 Machi

Tumeambiwa tutakachotengeneza: vidonge vya zinki kwa watoto wanaoharisha. Ndivyo hivyo vinavyowaishia akina wifi kila mara! Si kidonge cha kumeza. Unakiweka kwenye kijiko, unatia maji au maziwa ya mama, kinapasuka chenyewe, kinakuwa kama uji mwepesi, mtoto ananywa. Kinapewa dakika moja. Kikizidi dakika, si dawa yetu.

Kinachokipasua ni unga fulani mweupe. Hauna ladha, hauna harufu, hauna kazi nyingine duniani ila kufura ukikutana na maji. Unachanganywa na zinki, unabanwa ndani ya kidonge, unakaa kimya humo. Siku maji yakifika, unafura kwa nguvu na kidonge kinapasuka kutoka ndani. Mama Unyevu aliumwaga kidogo kwenye kisahani, akadondosha tone la maji. Ukanyanyuka mbele ya macho yetu! Watu wazima, wengine na mvi, tukasema "Aaa!"

Nimerudia mwenyewe mara nne. Nilipofika nyumbani nikamwambia mume wangu sijapenda kitu namna hii tangu niolewe. Amenuna kidogo.

Ijumaa, 7 Machi

Kugawana kazi. Mama Unyevu akauliza: nani mbishi kuliko wote humu? Vidole vyote vikanielekea. Hata cha yule anayekaa nyuma kabisa, ambaye hatujawahi kusemezana!

"Basi huyu ndiye wa ubora."

Maana yake wengine watatengeneza, mimi nitapima. Nikisema ndiyo, dawa inatoka. Nikisema hapana, inabaki. Anasema aliyepika asiwe ndiye wa kusema chakula kimeiva, maana huyo anaonja na matumaini yake. Nikauliza, kwa ubishi wangu huo huo: na wewe mwalimu ukitaka itoke, mimi nimekataa? Akajibu haitoki. "Ukinikataza mimi, nimekatazika." Darasa likacheka. Yeye hakucheka.

Mashine kapewa Kaka Spana. Alikuwa fundi wa kiwanda cha sabuni kabla ya kuja hapa, na spana haimtoki mfukoni hata akienda kula. Mashine anaisemesha. Haya mama, taratibu mama. Namdhihaki, lakini ikimsikia kweli sitashangaa.

Jumanne, 11 Machi

Vidonge vya majaribio, wanga mtupu, bila dawa. Ee Mungu. Kinashuka kidonge, kinakaa kidogo, juu yake kunabanduka kama kifuniko. Kimoja, cha pili, mia! Kaka Spana aliona haya kama mzazi ambaye mwanawe kaharibu ugenini.

Mama Unyevu alifurahi! Alikusanya vile vilivyobanduka, akamgawia kila mtu kimoja, akatuambia tuseme kwa nini. Jibu hakutoa. Tulibishana mpaka chakula kikapoa. Mwisho tukaligundua wenyewe: hewa imebanwa pamoja na unga, inatafuta pa kutokea, na mashine ilikuwa inakwenda mbio mno. Tukapunguza mwendo. Vikatoka vizima.

Hili ndilo ninalolipenda kwake. Semina nilizohudhuria maishani — picha ukutani, chai, cheti, kwaherini. Huyu anatuacha tuharibu kwanza. Anasimama pale, mikono nyuma, kipimo shingoni, anatutazama tukikosea kama mtu aliyekuja kuangalia mpira na timu yake inashinda.

Ijumaa, 14 Machi

Mvua. Nguo hazikauki. Mama Unyevu amezunguka chumba chote na kipimo chake, anafoka peke yake kwa lugha ya kwao. Viyoyozi vyote viwili vimewashwa. Mlango usifunguliwe ovyo! Ule unga wa kupasua hauchagui maji. Ya kijikoni, ya hewani, kwake yote ni maji. Ukiyanywa ya hewani kabla haujabanwa, umeshashiba, na siku unapohitajika hautafura tena.

Tukafunga mlango. Tumeshaanza kumwogopa, ule woga mzuri.

Jumanne, 18 Machi

Mamlaka ya dawa wamekubali! Bechi yetu ya kwanza, yaani mkupuo mmoja wa vidonge, ikipita vipimo vyote, itakwenda wodi ya watoto, hospitali yangu. Si mazoezi tena!

Malighafi iliyopo inatosha bechi mbili, basi. Nyingine iko melini na hakuna anayejua itafika lini. Na Mama Unyevu anarudi kwao mwisho wa mwezi.

Mkuu wa Chuo alikuja mwenyewe kutuambia. Mnene, mpole, sauti ya mtangazaji wa redio. Amekihangaikia chumba hiki kwa miaka. Ameomba, amesafiri, ameketi kwenye mabenchi ya nje ya ofisi za watu mpaka wakamzoea. Alipofika kwenye maneno "wodi ya watoto" sauti ikamkatika, akajifanya anakohoa. Mimi nikajifuta pua.

Halafu akaongeza: keshokutwa mgeni rasmi atakuja kubonyeza kitufe.

Nilipompa wifi habari alipiga kigelegele mpaka nikaweka simu mbali na sikio. Kwao zinki imekwisha kabisa tangu jana. Akina mama wanaandikiwa wakanunue wenyewe. Wengi wanaikunja ile karatasi, wanaitia kwenye mkoba, wanakwenda nyumbani.

Alhamisi, 20 Machi

Siku kubwa!

Asubuhi mchanganyiko ulikuwa tayari. Mkavu, mwepesi, unateleza mkononi kama mchele. Nilipima unyevu wake mwenyewe, safi kabisa. Kaka Spana aliisugua mashine mpaka ungeweza kunyolea ndevu mbele yake. Tungebana pale pale. Lakini mgeni rasmi hajafika, na kitufe ni chake.

Tukasubiri. Mahema uani, viti vimevishwa vitambaa, spika zinanguruma. "Yuko njiani." Tukasubiri. "Ameshakaribia." Tukasubiri mpaka mchana ukapinduka na mvua ikaanza. Ndipo akaingia, pamoja na mvua yake na msafara wake. Mtu mchangamfu, nisimsingizie. Alisalimia kila mtu hadi wafagizi.

Hotuba. Hotuba nyingine. Wapiga picha wakasema pipa limefungwa, halionyeshi kitu. Likafunguliwa. Mgeni rasmi akainama juu ya pipa, akapigwa picha. Nyingine na Mkuu. Nyingine na kamati. Mlango ukazuiwa kwa kiti ili walioko uani nao waone. Viyoyozi vikazimwa — vina kelele, hotuba haisikiki!

Nilimwona Mama Unyevu akitazama kipimo chake. Akakitazama tena. Kisha akakitumbukiza ndani ya kola ya shati, akafunga kifungo. Na mimi, mwenye ubora? Nilikuwa napanga viti vya safu ya pili.

Kitufe! Mashine ikanguruma, vidonge vikaanza kushuka. Vyeupe, vinang'aa, vimelingana kama meno ya mtoto. Watu wakapiga makofi. Kaka Spana alilia wazi wazi, hakujificha. Tumetengeneza dawa! Sisi! Nyuma ya mabati!

Mgeni rasmi akatia kidonge kimoja mfukoni, ukumbusho. Hairuhusiwi. Nikampisha apite.

Jioni tumeonekana kwenye taarifa ya habari. Mume wangu aliita majirani wote. Kisogo changu kimetoka vizuri sana.

Ijumaa, 21 Machi

Havipasuki.

Kijiko, maji, kidonge. Dakika moja — kimekaa. Dakika mbili — kimekaa, kinanitazama. Kimelegea kidogo pembeni, basi. Nikachukua kingine. Kingine tena. Nimechota juu ya pipa, katikati, chini. Nimebadilisha maji. Nimebadilisha saa. Hata kijiko nimebadilisha, kana kwamba kosa ni la kijiko.

Unga umeshiba hewa. Uliinywa jana, sisi tukipiga makofi.

Uzito uko sawa. Zinki ndani iko sawa. Ndiyo inayouma zaidi! Ni vidonge vizuri, havipasuki tu.

Nikabandika lebo nyekundu: IMEKATALIWA. Lebo ikakaa upande.

Mkuu akaja mbio. Hakufoka, afadhali angefoka. Alisema watu wote wameona kwenye habari. Hospitali wameshatushukuru. Akauliza taratibu: dawa iliyomo si ile ile? Mtoto hawezi kutafuna? Nikasema mtoto wa miezi minane atatafuna na meno ya nani, Mkuu? Akaketi. Akavua miwani, akaifuta, akaishika tu. Mama Unyevu leo hayupo, amekwenda kwa wale wa nchi jirani kuwasimamia mitihani. Mkuu akasema tungoje Jumatatu arudi, yeye ataamua.

Ataamua! Mimi nilidhani nimeshaamua.

Jumamosi, 22 Machi

Wifi kaja nyumbani bila kupiga simu, bado na sare ya kazi. Hakutania hata kidogo. Nikajua mambo si mambo.

Amesikia. Anavitaka vidonge.

"Nipe hivyo hivyo, wifi. Nitavisaga mimi mwenyewe."

Kinu kidogo wanacho wodini. Atasaga, atatia maji, mtoto atakunywa. Zinki si imo? Sasa kosa liko wapi?

Nikamwambia: wodini utasaga. Mtoto akiruhusiwa kesho yake, dozi zilizobaki nani atamsagia? Mama atakitia kwenye kijiko kama alivyoelekezwa. Kitakaa. Atadhani ndivyo kilivyo, atampa. Kikimkaba?

Akasema atawafundisha kusaga. Nikasema wote? Kila zamu? Hata siku usipokuwepo?

Akasema mimi siwaoni watoto wakinyauka. Mimi naiona mashine.

Imenichoma hiyo. Imenichoma kwa sababu si maneno ya kijinga. Hakunywa hata chai. Mume wangu akaja kuuliza kati yetu nani ana haki, nikamtazama tu. Huku dada yake, huku mke wake, maskini. Akaenda kuosha vyombo.

Nimekaa na jambo hili mchana kutwa. Wifi anajua anachokifanya. Akisema atasaga, atasaga. Lakini dawa haiendi kwa wifi peke yake. Miaka yangu yote dirishani nimepokea makopo ya watu wa mbali, nikawapa wagonjwa bila wasiwasi, nikiamini kwamba huko yalikotoka yuko mtu wa kusema hapana. Sijawahi kumfikiria. Hana jina, hana sura. Sasa mtu huyo ni mimi, na sikujua kwamba ana upweke kiasi hiki.

Jumapili, 23 Machi

Sikumpigia wifi. Naye hakunipigia. Nimepika, nimeunguza wali.

Jumatatu, 24 Machi

Mama Unyevu kaingia moja kwa moja kutoka safari, begi mkononi. Kaka Spana alikuwa ameshamweleza getini. Nilikuwa nimejiandaa. Nilikuwa na maneno yangu matatu makali, nimeyakariri bafuni.

Hakuyangoja. Akaomba kijiko, akatia maji, akadondosha kidonge. Akakitazama hadi mwisho. Kisha akalitazama pipa na lebo yangu.

"Imekaa upande."

Akaibandua. Akachukua nyingine, akaibandika yeye mwenyewe, imenyooka, akaipapasa kwa kiganja. IMEKATALIWA. Maneno yangu matatu yakabaki mdomoni hayana kazi. Nilitaka kumkumbatia, lakini na zile glavu...

Akatuita wote, na Mkuu. Kaka Spana akaanza kujieleza, labda alibana mno, labda mashine. Akamkatiza: mashine haina kosa. Kisha akasema, polepole, neno moja moja, na safari hii kila neno lilimgharimu. Siku ya sherehe alikiona kipimo kimepanda. Akakificha shatini. Alipokuwa anakuja huku aliambiwa, ukiwa mgeni usiwaaibishe wenyeji. Basi akaiona aibu ya wenyeji, mtoto hakumwona. Masikio yalikuwa mekundu. Mwalimu, profesa, mbele ya wanafunzi wake!

Akafuata Mkuu: aliyeamuru viyoyozi vizimwe ni yeye. Halafu sauti kutoka nyuma: mimi nilizuia mlango kwa kiti. Mwingine: kifuniko nilikitoa mimi. Nami nikasema habari ya viti vyangu vya safu ya pili. Ikawa zamu kwa zamu, mpaka mmoja akasema yeye ndiye aliyeomba picha ya pipa irudiwe kwa sababu alikuwa amefumba macho. Hapo tukacheka. Hata Mama Unyevu — nimeona meno yake kwa mara ya kwanza!

Nawapenda watu hawa. Nasema kabisa. Nimefanya kazi mahali ambapo kosa likitokea, kila mtu siku hiyo alikuwa likizo.

Bechi itaharibiwa kesho, wakaguzi wakishuhudia. Malighafi imebaki ya bechi moja. Hiyo ikiharibika, wodi itangoja meli. Tunabana keshokutwa. Mkuu atampigia mgeni rasmi yeye mwenyewe.

Nimempigia wifi kumweleza. Hakupokea.

Jumanne, 25 Machi

Vimekwenda vyote. Kaka Spana hakutaka kuangalia. Mimi niliangalia, ndiyo kazi yangu. Vyeupe vile!

Jumatano, 26 Machi

Anga safi. Kipimo kiko chini. Kilikuwa nje ya shati leo, juu kabisa ya koti jeupe, na Mama Unyevu akikisoma kwa sauti kila baada ya kitambo, chumba kizima kisikie. Mchanganyiko ulipokauka haukungoja mtu. Kutoka kwenye kabati la kukaushia, pipani, mashineni. Mlango umefungwa. Viyoyozi vinapiga kelele, kelele nzuri. "Haya mama," alisema Kaka Spana, na huo ndio uliokuwa ufunguzi.

Katikati ya kazi — mgeni rasmi! Wiki iliyopita kachelewa nusu siku, leo kawahi! Ati alikuwa anapita tu. Nilimwona kupitia kioo. Nikamwona Mkuu akienda mlangoni, akasimama, mwili wake wote mlangoni. Maneno sikuyasikia, nimesimuliwa baadaye na aliyekuwepo nje. Mkuu alisema, "Mheshimiwa, huku hakuingiliki mpaka mashine isimame." Hata mimi? Hata wewe. Na mimi mwenyewe, si unaona niko nje?

Nilidhani ataondoka kwa hasira. Wakaletewa viti vya plastiki, wakakaa kwenye kivuli cha ukuta, wakanywa soda. Alikaa mpaka mwisho! Kisha akaomba radhi, ati kumbe ni yeye aliyetuharibia. Akasema kile kidonge cha mfukoni alikijaribu nyumbani kwenye kijiko, mkewe akamuuliza hii ni dawa au kifungo cha shati. Kesho anakuja tena. Nimeanza kumheshimu.

Vidonge vimetoka. Si vizuri kama vile vya kwanza, havina mng'aro ule. Pipa limefungwa mara moja. Maabara wanaendelea na uzito na zinki. Kijiko ni kesho, mbele ya mkaguzi.

Ujumbe wa wifi: "Nasikia ni kesho. Nitakuja na gari la hospitali." Basi. Hakuna utani hata mmoja.

Alhamisi, 27 Machi

Naandika hapa hapa mezani, chumba cha vipimo. Huku daftari linaruhusiwa. Nangoja maji yafikie joto lake.

Uzito umepita. Zinki imepita. Kimebaki kijiko. Vidonge sita, kimoja kimoja, kila kimoja na maji yake mapya. Vyote vipasuke ndani ya dakika. Kimoja kikigoma, bechi nzima imegoma.

Mkaguzi wa mamlaka ya dawa ameketi kando yangu na saa yake. Ng'ambo ya kioo wako wote. Mkuu na suti. Mgeni rasmi, safari hii bila msafara. Kaka Spana anaizungusha spana mfukoni. Wifi yuko mwisho kabisa, na sanduku tupu la wodi mikononi. Nimempungia. Ameinua kidevu tu.

Mama Unyevu ameupa mgongo mkutano wote, anatazama ukuta. Ati aliyepika asitazame. Keshokutwa anasafiri. Asubuhi nilimuuliza, nikilazimika kukataa tena itakuwaje? Akasema nitakataa. Hivyo tu, kama mtu anayeulizwa saa.

Maji tayari.

Cha kwanza. Kilitulia. Kisha kikafura kiuno, kikapasuka katikati, kikamwagika kijikoni. Uji! Uji mweupe! Nimetaka kupiga kelele. Mkaguzi ameandika.

Cha pili. Upesi kuliko cha kwanza.

Cha tatu, cha nne. Nimeanza kupumua. Kaka Spana nje anaruka ruka, midomo inasema mama, mama.

Cha tano. Hiki kimenitoa jasho. Kilikaa. Kikakaa. Kikapasuka upande mmoja, nikadhani basi. Upande wa pili ukafuata, dakika ikiwa inaisha. Mkaguzi amesema kimepita. Kimepita, ndiyo. Lakini kimechelewa kuliko wenzake wote na sipendi.

Nje wamemwona mkaguzi akitikisa kichwa kukubali, wamefikiri tumemaliza. Wanapiga makofi, nayaona, siyasikii, kioo ni kizito. Mgeni rasmi amesimama, anafunga vifungo vya koti. Mkuu anakumbatia aliye karibu. Wifi ameshainua sanduku, yuko mbele ya wote, anakuja mlangoni.

Nimeinua mkono. Bado.

Makofi yamekatika. Mkuu ameshusha mikono. Mgeni rasmi amefungua tena kifungo, ameketi. Wifi amesimama pale pale, amenitazama kwa macho yale yale ya Jumamosi, kwa muda. Kisha ameliweka sanduku sakafuni, akalikalia.

Hakuna anayegonga kioo.

Nabadilisha maji. Nadondosha cha sita.